Terariamu ya msitu wa kienyeji: udongo, mosi na vijidudu vikae pamoja vipi?

kioo_na_gogo

Wakuu, salaam. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sm 60, upana sm 30 na kimo sm 36, mfuniko wake ni wa kioo na unateleza. Nataka kutengeneza humo kipande cha msitu wa eneo ninaloishi: mimea midogo ya kivulini, mosi (yale majani mafupi ya kijani yanayotanda kwenye magogo na mawe yenye unyevu), gogo lililooza, majani makavu, na vijidudu vinavyoishi humo kiasili. Sitaki mimea ya mapambo ya nchi za mbali. Mwenye msitu amenipa ruhusa ya kuokota vilivyoanguka chini.

Naomba mnisaidie katika haya: udongo uwe na nini na kwa kiasi gani? Safu ya kokoto chini ni lazima? Vitu vya msituni nivichemshe kabla ya kuviingiza au niviache na uhai wake? Ni vijidudu gani vinaweza kukaa pamoja bila kulana au kumaliza mimea? Na mfuniko ukae wazi au umefungwa?

---

mboji_nyeusi

Karibu mkuu. Anza na majani makavu, mimea itafuata. Wengi hupanga tangi kama bustani, wanapanda, wanapamba, kisha wanatupia vijidudu juu. Kwa tangi la msitu ni kinyume chake. Chakula cha karibu kila kiumbe humo ni majani na kuni zinazooza, na mimea inakula wanachoacha. Majani yakiisha, vijidudu vinahamia kwenye mosi na mizizi michanga, na hapo ndipo watu huanza kulalamika kwamba "wameharibu mimea".

Udongo: kwa tangi lako unahitaji takribani lita 15. Mimi huchanganya kwa sehemu kumi, kila sehemu lita moja na nusu: sehemu nne mboji ya majani (ile tabaka nyeusi inayobomoka, iliyo chini ya majani makavu), mbili kuni zilizooza na kupondwa kwa mkono, mbili mchanga mkubwa uliooshwa, moja vipande vya magome, moja mkaa uliovunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Usitumie udongo wa mfinyanzi wala udongo wa bustani peke yake. Ukilowa unashikana, hewa inakosa njia, na tabaka la chini linaanza kunuka. Udongo wa mifuko wenye mbolea pia uuache. Chumvi za mbolea hazina pa kutokea kwenye tangi lisilo na tundu chini, na mosi ndiyo ya kwanza kuonyesha.

Utandaze kwa mteremko, nyuma sm 11 hivi na mbele sm 6. Mteremko haupo kwa ajili ya sura tu. Unakupa sehemu ya juu inayokauka mapema na sehemu ya chini inayobaki na maji, na kila kidudu kinachagua pake.

Kupima maji: shika konzi ya mchanganyiko, ukamue kwa nguvu. Ukitoa tone moja au mawili na donge likabaki na umbo, umefika. Maji yakichuruzika vidoleni, tandaza ukaushe. Donge likibomoka lenyewe, ongeza mililita 200, changanya, pima tena. Mboji ya msituni mara nyingi huja tayari na maji yake, kwa hiyo usianze kumimina kabla ya kupima.

Juu ya yote weka matandazo ya majani makavu, unene wa sm 3 hadi 5. Chagua majani ya kahawia yaliyoanguka yenyewe, ya miti ya majani mapana. Epuka ya mikaratusi, misonobari na miti mingine yenye mafuta au utomvu wa harufu kali, na usiokote karibu na barabara au mashamba yanayopigwa dawa. Changanya majani laini yanayooza upesi na magumu yanayokaa miezi. Ukiweka laini matupu, yatakuwa yameisha wakati kizazi cha pili cha isopodi (vijidudu wenye magamba wanaoishi chini ya magogo na majani yanayooza) kinaanza kula.

---

mosi_na_kangaga

Nakubaliana na hayo yote isipokuwa mkaa. Kuna imani kwamba mkaa "unasafisha" tangi. Mkaa unashika baadhi ya kemikali mpaka ujae, kisha basi. Kazi yake ya kweli kwenye mchanganyiko ni kuacha nafasi za hewa na kuwapa kolembola (vijidudu weupe wadogo mno wanaokula kuvu) mahali pa kujificha, na hilo hata magome yanalifanya. Asiyenao asihangaike.

Kuhusu kokoto: watu hudhani zinakausha udongo. Hazikaushi. Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wenyewe ujae pomoni, kwa sababu vinyweleo vidogo vya udongo vinayashika kwa nguvu kuliko nafasi kubwa za kokoto. Safu hiyo ni akiba ya makosa ya kumwagilia tu. Tangi lako lina kimo cha sm 36, usilipe zaidi ya sm 3 au 4. Tumia vipande vyepesi vya udongo wa kuchomwa au kokoto zilizooshwa, funika kwa wavu wa dirisha uliokatwa ukawa mpana kidogo kuliko tangi ili kingo zipande ukutani. Kabla ya kumimina udongo, simamisha bomba la plastiki lenye kipenyo cha mm 15 hadi 20 kwenye kona, ncha ya chini ikatwe mshazari na ifike kwenye kioo cha chini. Kwa bomba hilo unachungulia maji yamefika wapi, na yakizidi unayavuta kwa bomba la sindano la mililita 60 lenye mpira mwembamba. Bila bomba, siku maji yakizidi utalazimika kufumua tangi zima.

Mosi sasa, maana hapo ndipo wengi hukwama. Mosi haina mizizi ya kweli. Inakunywa kwa majani yake, kwa hiyo kilicho ndani ya maji kinaishia juu yake. Maji ya bomba yenye chokaa huiacha na ncha za kahawia na kuweka utando mweupe kwenye kioo. Tumia maji ya mvua au yaliyochujwa chumvi. Chukua ile inayotambaa kama zulia, ambayo mashina yake yamelala. Ile inayojikusanya kama mto mdogo, mashina yamesimama wima, kwa kawaida imezoea kulowa na kukauka kwa zamu. Ukiifungia unyevu wa kudumu inaanza kuoza katikati.

Ng'oa vipande visivyozidi kiganja, hapa kimoja pale kimoja, usivue gogo zima. Kung'uta udongo wote wa chini, suuza, kisha ikandamize juu ya gogo au jiwe, ifunge kwa uzi mwembamba wa pamba mpaka ishike. Iweke juu kuliko matandazo. Jani moja kubwa likilala juu ya mosi kwa wiki mbili linaacha baka la kahawia, hivyo weka brashi laini karibu na uwe unayafagia. Na inahitaji mwanga kuliko watu wanavyofikiri: taa nyeupe ya LED ya kelvini 6500, kimo cha sm 20 hadi 30 juu ya mimea, saa 10 hadi 12 kwa siku, kwa swichi ya saa. Jua la moja kwa moja, hata la asubuhi kupitia dirishani, hapana. Kioo kilichofungwa kinashika joto na kupika kila kitu kwa muda mfupi sana.

Mimea mingine: mitatu hadi mitano inatosha. Chukua michanga, sio iliyokomaa. Kangaga dogo lenye majani matatu litazoea, lenye majani ya sm 30 litamwaga yote. Osha mizizi mpaka iwe mitupu, kata iliyovunjika. Kama msitu wenu una majira ya baridi kali, jua kwamba mimea mingi ya huko inahitaji mapumziko ya baridi, na ikikaa mwaka mzima chumbani kwenye joto inadhoofika. Hapo ama upeleke tangi chumba cha baridi kisichoganda wakati wa majira hayo, au ubaki na mosi na makangaga madogo yasiyopukutika. Okidi usiziguse kabisa, hata iliyoangushwa na upepo: zote zimo kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na nchi nyingi zina sheria zake juu yake.

---

jongoo_taratibu

Naomba nijibu la kuchemsha na la vijidudu, kwa sababu yanakwenda pamoja.

Ukichemsha au kuoka kila kitu unapata tangi tupu la mimea lenye udongo mfu, na kitu cha kwanza kuingia kwenye udongo mfu ni kuvu, kwa sababu hakuna wa kushindana naye. Usipochemsha chochote unaingiza tandu, sisimizi na konokono. Njia ya kati ni kutenda kila kitu kwa namna yake.

Majani makavu: yamwagie maji yanayochemka kwenye ndoo, yakae dakika kumi, yachuje, yatandaze yapoe. Hii inaua karibu wanyama wote bila kuyaharibu majani. Kuni: zizamishe kwenye maji ya baridi kwa saa 24 ukiwa umezibana na jiwe. Tandu, buibui na sisimizi watatoka na kupanda juu. Zitoe, zikaushe kidogo, uzigeuze na kuzikagua. Mabuu ya mbawakawa ndani ya kuni kwa kawaida hayana neno, mengi yanakula kuni tu. Ukiona mchwa, gogo hilo lisiingie ndani ya nyumba, hata kwa majaribio.

Mboji usiipike. Iweke kwenye sanduku lenye mfuniko kwa wiki tatu, pachika kipande cha kiazi kibichi juu, na kila baada ya siku mbili kigeuze uone nani yuko chini yake. Konokono, konokono wasio na kombe na viwavi vya udongo hukimbilia hapo. Kwa njia hiyo unabaki na bakteria, kuvu nzuri na wale wadogo wasioonekana, ambao ndio uhai wa tangi.

Kuni ziwe zipi? Tafuta za miti migumu zilizogeuka nyeupe au za njano na laini kama sponji, zinazovunjika kwa kidole. Hizo zimeliwa na kuvu wa aina inayoyeyusha ile gundi ngumu ya mti, na vijidudu wanaweza kuzila. Zile za kahawia zinazokatika vipande vya mraba zina chakula kidogo kwa isopodi na majongoo. Zitumie kama pambo.

Wakazi. Wa kwanza ni kolembola, wale weupe wa milimita moja au mbili wanaoruka ukifunua gogo. Wanakula kuvu, na hakuna anayeifanya kazi hiyo vizuri kama wao. Waingize siku ileile unapopanda. Ukitaka kuwazalisha pembeni, jaza kopo nusu kwa vipande vya mkaa, maji sm 1 chini, nyunyizia hamira kidogo sana kila wiki. Kuwahamisha ni rahisi: ongeza maji, wanaelea, unawamimina.

Isopodi waje wiki tatu au nne baadaye, mizizi ikishashika. Hawa ni jamaa wa kaa na kamba, sio wadudu, na wanapumua kwa viungo vilivyo chini ya tumbo kwa nyuma ambavyo lazima viwe na unyevu. Ndiyo maana udongo mkavu unawaua, na maji yaliyosimama yanawaua vilevile. Kwa tangi lako kumi hadi kumi na tano wa aina moja wanatosha. Jike anabeba mayai kwenye mfuko chini ya tumbo, basi usijali ukiona wachache mwanzoni. Wape chokaa: maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa, kijiko kimoja cha chai kikichanganywa kwenye matandazo. Wanajivua gamba kwa awamu mbili, nusu ya nyuma kwanza na ya mbele siku chache baadaye. Kwa hiyo ukimwona mmoja nusu mweupe nusu kijivu, yuko mzima, mwache.

Majongoo: wadogo tu, wasiozidi sm 3. Mkubwa anafukua mizizi, na anahitaji udongo wenye kina kisichopungua urefu wake mwenyewe ili ajivue gamba chini. Akishazama kujivua, usichimbe kumtafuta, hata akipotea wiki nyingi. Pia wana kemikali za kujilinda. Wa mviringo wengi hutoa majimaji yanayotia doa la kahawia kwenye ngozi, na baadhi ya wale bapa hutoa sianidi. Ndani ya tangi lenye hewa sio hatari kwako. Kuwajaza wengi kwenye chupa ndogo iliyofungwa ni kuwaua wao kwa wao. Nawa mikono.

Wasiokaa: tandu (anakula isopodi), sisimizi wa aina yoyote, konokono wakubwa, na nyungunyungu. Huyu wa mwisho hunishangaza watu wakimsifia. Shambani ni hazina, lakini kwenye sm 8 za udongo anavuruga tabaka, anasukuma udongo kwenye kokoto, na akifa chini ananuka. Konokono wadogo wa matandazo, wa milimita tano kushuka, wanavumilika. Ila konokono wa nchi kavu wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya, ambayo binadamu huipata kwa kumeza, kwa hiyo hapo pia sabuni.

---

kioo_na_gogo

Shukrani sana wakuu, mmenifungua macho. Swali la mfuniko bado. Nimesoma kwamba chupa iliyofungwa kabisa inaweza kuishi miaka bila kumwagiliwa. Je, hilo linawezekana na vijidudu?

---

mboji_nyeusi

Hiyo ni kweli kwa mimea. Nathaniel Ward, daktari wa London, aligundua jambo hilo mwaka 1829 alipofungia bundo (pupa) la nondo kwenye chupa yenye udongo. Kilichomvutia mwishowe hakikuwa nondo, bali kangaga na nyasi vilivyojiotea humo bila kumwagiliwa. Lakini humo hakukuwa na kundi la isopodi wala gogo linalooza.

Kinachobadilisha hesabu ni udongo. Mboji hai na kuni zinazooza zinakula oksijeni mchana na usiku, wakati mimea inairudisha pale tu taa inapowaka. Mosi na makangaga matatu hayafidii lita 15 za mboji. Kwa hiyo usifunge kabisa. Kwa mfuniko wako unaoteleza, acha ufa wa sm 1 upande mmoja, uzibe kwa wavu wenye matundu madogo sana, kwa sababu wavu wa mbu wa kawaida unapitisha vinzi vya udongo. Bora zaidi ni kuwa na tundu mbili, moja chini mbele na moja juu nyuma. Hewa ya joto inapanda na kutoka, ya nje inaingia chini, na kioo cha mbele kinabaki kikavu.

Soma kioo. Matone asubuhi ambayo yamekauka ifikapo adhuhuri ni dalili nzuri. Kioo chote kikiwa kimelowa mchana kutwa, fungua. Kikiwa kikavu asubuhi, nyunyizia. Na nyunyizia upande mmoja tu! Theluthi ya tangi iwe na unyevu mwingi, theluthi nyingine ikaribie kukauka juu. Isopodi watajipanga wenyewe kati ya hizo mbili, na mahali watakapojikusanya panakueleza hali ya tangi kuliko kipima unyevu. Wote wakiwa wamejibana upande wenye maji, pakavu pamezidi. Wakiwa wanapanda kioo mchana, chini kuna tatizo: maji yamesimama au hewa imeharibika.

Joto la nyuzi 18 hadi 24 linafaa wengi. Tangi ndogo likivuka 30 unaanza kupoteza wakazi wake.

---

kioo_na_gogo

Narudi na hali halisi. Tangi limeshapandwa na taa inawaka. Gogo limeota manyoya meupe kote, mosi ya mbele ina ncha za kahawia, kuna vinzi vidogo vyeusi vinavyoruka nikifungua, na karibu na bomba la kona nasikia harufu ya mayai viza. Isopodi bado sijaweka. Nianze na lipi?

---

mosi_na_kangaga

Anza na harufu, mengine yanaweza kusubiri. Mayai viza ni gesi inayotolewa na bakteria wanaoishi pasipo oksijeni, maana yake maji yamepanda kwenye kokoto na yamegusa udongo. Vuta yote kwa bomba la sindano mpaka kokoto zionekane tupu, acha mfuniko wazi siku mbili tatu, usinyunyizie kitu. Kisha tumbua udongo kwa kijiti cha kufumia kila baada ya sm 5 upande wa mbele, mpaka kwenye wavu, hewa ifike chini. Harufu ikibadilika ikawa ya udongo uliotoka kunyeshewa, imekwisha. Isiporudi nzuri ndani ya wiki mbili, basi mchanganyiko wako una mfinyanzi mwingi na itabidi upunguze upande huo.

Manyoya meupe kwenye gogo ni kawaida ya wiki za mwanzo. Sukari nyepesi zilizobaki kwenye kuni zinaliwa, kisha kuvu hiyo inajifia. Usipige dawa, usifute kila siku. Kolembola wengi zaidi ndio dawa. Kama gogo linatoa ute mweusi au wa njano unaonata, hilo halikuwa limeoza vya kutosha au ni la mti wenye utomvu, litoe.

Mosi ya mbele: unatumia maji gani? Kama ni ya mvua, basi sababu ni hiyohiyo ya maji kusimama chini, kwa kuwa mbele ndiko chini kwenye mteremko.

---

jongoo_taratibu

Vinzi hao mabuu yao yanakula kuvu na mizizi laini kwenye udongo uliolowa. Ukikausha juu kama ulivyoelezwa watapungua bila kitu kingine. Weka karatasi ya njano yenye gundi karibu na tundu la juu kuwanasa wazima, ila isiguse udongo, itanasa na kolembola. Wakiendelea, kuna dawa ya bakteria iitwayo Bti, *Bacillus thuringiensis israelensis*, inayotumika pia kuua viluwiluwi vya mbu. Inaua mabuu ya vinzi na haiwadhuru isopodi wala kolembola. Changanya na maji ya kunyunyizia, rudia kila wiki kwa wiki tatu ili uvuke mzunguko wa mayai.

Onyo, maana hili linaua matangi mengi kuliko ukame: dawa za kupuliza za mbu na mende. Nyingi zina pairethroidi, aina ya sumu ya wadudu, na kiasi kisichokudhuru wewe kinamaliza isopodi, kolembola na majongoo wote. Chumba chenye tangi kisipulizwe. Vilevile usiingize mkono humo baada ya kumpaka mbwa au paka dawa ya viroboto.

Isopodi subiri mpaka harufu iondoke kabisa, kisha uhesabu wiki mbili zaidi. Ukiwaleta, wakague kwanza kwenye chombo kitupu. Ukimwona mwenye rangi ya buluu au zambarau inayong'aa isiyo ya wenzake, ana virusi vinavyotengeneza fuwele ndani ya mwili, na hakuna tiba. Mtenge na wote uliowaokota naye, wasiingie.

Chakula cha nyongeza: kipande cha karoti kama ukucha wa kidole gumba, mara moja kwa wiki, kitoke baada ya siku mbili. Kinachobaki zaidi ya hapo kinalisha utitiri. Utitiri wa udongo wachache hawana shida, ila ukiona vumbi jeupe linalotembea juu ya chakula, umezidisha. Ondoa chakula, kausha juu, watapungua. Minyoo meupe kama uzi inayopanda kioo ni dalili ileile ya maji mengi, haili mimea. Lakini mnyoo bapa wenye ute, hasa mwenye kichwa kilichotanuka kama shoka, mtoe mara moja kwa kibanio. Huyo ni mwindaji.

---

kioo_na_gogo

Asanteni. Maji nimeyavuta, harufu imeanza kupungua. La mwisho: wakizaana sana nifanyeje? Nafikiri kuwarudisha msituni, kwa kuwa walitoka huko.

---

jongoo_taratibu

Usiwarudishe. Hata kama walitoka hatua kumi kutoka pale, tangini wamechanganyika na viumbe vya udongo, mimea na maji kutoka sehemu nyingine. Magonjwa husafiri hivyo. Kuvu wanaoua vyura, kwa mfano, huhamia kwa maji na udongo wenye unyevu. Hili linahusu pia maji unayovuta kwenye bomba na udongo unaotupa: maji yamwage chooni, udongo uukaushe kabisa juani kabla ya kuutupa.

Kwanza angalia kama kweli wamezidi. Isopodi hujirekebisha kulingana na chakula, hivyo wingi wa ghafla kwa kawaida unatokana na karoti, sio majani. Acha karoti mwezi mmoja. Wakibaki wengi, kata kiazi kipande kinene, kichimbe shimo upande mmoja, kilaze shimo likitazama chini kwenye upande wenye unyevu usiku. Asubuhi kinyanyue na walio chini yake, kikung'utie kwenye sanduku la plastiki lenye mboji sm 5, majani na tundu za hewa. Hao ndio akiba yako tangi likipata ajali, au wape wenzako wenye matangi. Wakishazidi hata hapo, wagandishe kwa saa 48.

---

mboji_nyeusi

Na pima matandazo kila mwezi kwa kidole. Ukigusa udongo kabla ya sm 2, ongeza majani siku hiyohiyo, mchanganyiko uleule wa laini na magumu, yaliyomwagiwa maji ya moto na kupozwa. Kwa tangi la sm 60 kwa 30, konzi mbili au tatu kila mara. Usichanganye ya zamani na mapya kwa kufukua. Tandaza juu tu, wao wenyewe watayashusha.